Yalitengenezwa machache, lakini yanayouzwa ni mangapi?

Kazi yangu ni kukagua magari ya kasi kabla mnunuzi hajatoa pesa. Karibu kila mteja huanza na swali lilelile: "Yalitengenezwa mangapi?" Mimi nataka kujua yanayouzwa sasa hivi ni mangapi, na hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa.

Ferrari ilipanga kutengeneza magari 400 tu ya F40. Wateja wakazidi kumiminika, kiwanda nacho kikaendelea kuunda, yakapita 1,300. Ndiyo maana ukiitaka F40 leo, utaipata. Kazi ni bei. McLaren F1 ni habari nyingine. Yako 106 kwa jumla, na ukitoa ya mashindano na ya majaribio, ya kawaida ya barabarani yanabaki 64. Wenye nayo hawana dhiki ya kuwafanya wauze, kwa hiyo sokoni ni adimu kama maziwa ya kuku.

Ila uchache peke yake hauuzi gari. Jaguar XJ220 ilipoonyeshwa Birmingham mwaka 1988 ilikuwa na injini ya V12, yaani silinda kumi na mbili, na ikisukumwa na magurudumu yote manne. Watu wakaweka amana ya pauni 50,000. Lililotoka kiwandani mwaka 1992 lilikuwa na V6, silinda sita, ya turbo mbili na linasukumwa na magurudumu ya nyuma, tena uchumi ukiwa umeshaanguka. Baadhi ya wateja walitaka kujitoa, na yale 350 yaliyopangwa hayakutimia. Lilikuwa gari adimu lisilo na mnunuzi.

Siku hizi kiwanda hujaribu hata kulishika soko lenyewe. Walionunua Ford GT ya toleo la 2017 walituma maombi kwanza, kisha wakaahidi kutouza kwa miaka miwili. John Cena, mwanamieleka wa Marekani, aliuza lake mapema, na mwaka 2017 Ford ikamshtaki.

Sasa tuseme umelipata. Usianze na kibati cha namba kilichopigiliwa ndani, kile kinachosema gari ni la ngapi kati ya yaliyotengenezwa. Piga magoti utazame tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Niliwahi kukuta hizo kwenye gari lenye kilometa 1,900, na muuzaji anajisifu kwamba halijawahi kubadilishwa kitu. Hiyo kwangu ni deni, si sifa. Raba hufa hata gari likilala. F40 za mwanzo zina mifuko ya mpira ndani ya matangi ya petroli, na hiyo huisha muda wake hata kama gari halijatembea. Tulipoliinua lile la kilometa 1,900, oili ilikuwa imeshatoa jasho chini ya injini, na bomba za breki zina nyufa ndogondogo kama ngozi ya kisigino.

Nilimwambia mteja apunguze bei au aondoke. Akalinunua hivyohivyo, kwa sababu ya kibati.