Kufuatilia ugunduzi mpya wa visukuku: dhana potofu na ukweli wake

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, wamekuwa wakizipa majina spishi mpya za dinosaria kwa kasi inayokaribia moja kila wiki, na hapo hatujawahesabu samaki, mimea, wadudu wala mamalia. Mpenzi wa elimu hii, iitwayo paleontolojia, hukutana na habari hizo vipande vipande: leo kichwa cha habari, kesho picha iliyochorwa kwa ustadi, kisha kimya. Kwa maoni yangu, kinachomkwaza msomaji si uchache wa habari, bali ni mazoea ya kuipokea kila habari kama hukumu iliyokwisha kutolewa, ilhali ni shauri ambalo ndiyo kwanza limefunguliwa. Dhana nyingi potofu zinazojadiliwa hapa zimezaliwa na kosa hilo.

Dhana: Siku ya tangazo ndiyo siku ya ugunduzi

Kati ya kuchimbua mfupa na kuutangaza hupita muda mrefu, kwa sababu mwamba unaoushika huondolewa punje kwa punje, mara nyingi chini ya hadubini, na mfupa wenyewe hulinganishwa na mingine iliyotawanyika katika makumbusho ya nchi mbalimbali kabla mtu hajathubutu kuupa jina. Wakati mwingine ugunduzi wa kweli hutokea ndani ya droo. Taya la Simbakubwa kutokaafrika lilichimbuliwa Kenya miongo kadhaa kabla ya kuelezwa, likahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na ni mwaka 2019 tu ambapo Matthew Borths na Nancy Stevens walichapisha maelezo yake. Jina hilo, ingawa ni la Kiswahili, linaweza kumpoteza msomaji: mnyama huyo aliyeishi takribani miaka milioni 22 iliyopita hakuwa simba wala jamaa wa paka, bali alikuwa wa kundi la wala nyama waitwao hyaenodonti, ambalo halikuacha kizazi chochote kilicho hai leo.

Mfano wa Nyasasaurus, mnyama mwingine wa kale, unaeleza zaidi. Mifupa yake ilikusanywa na Rex Parrington kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1930, ikachunguzwa na Alan Charig katika miaka ya 1950, lakini maelezo rasmi yalitoka mwishoni mwa mwaka 2012, wakati Charig mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki na jina lake likawekwa miongoni mwa waandishi. Makala ilisema kwamba mnyama huyo wa takribani miaka milioni 243 iliyopita ni ama dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ndugu wa karibu sana wa dinosaria. Neno hilo dogo, «ama», ndilo uzito wote wa makala, nalo huwa la kwanza kuanguka habari inapofupishwa.

Dhana: Makala ikitoka katika jarida kubwa, jambo limethibitika

Uhakiki unaofanywa na wataalamu wenza kabla ya kuchapisha ni kichujio tu. Hukagua kama mbinu zinafaa na kama hoja inasimama juu ya ushahidi uliopo, lakini hauwezi kuuona ushahidi ambao bado haujafika mezani. Mwezi Machi 2020 jarida la Nature lilichapisha maelezo ya fuvu lisilofika sentimita 2, lililohifadhiwa ndani ya kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka mgumu) ya Myanmar yenye umri wa takribani miaka milioni 99, nalo likatajwa kuwa la dinosaria mdogo mfano wa ndege, akaitwa Oculudentavis. Wataalamu wengine walitilia shaka mara moja, kwa kuwa namna meno yalivyoshikamana na taya na umbo la vijifupa vilivyozunguka jicho vilikuwa vya mjusi zaidi kuliko vya ndege. Mwezi Julai mwaka huohuo waandishi waliiondoa makala yao, baada ya kielelezo kingine, yaani kisukuku kingine cha aina hiyo, kilichokamilika zaidi kujulikana, na mwaka 2021 uchunguzi wa vielelezo vyote viwili uliwaweka wanyama hao kati ya mijusi.

Mtu anaweza kuliona tukio hili kama aibu. Mimi naliona kama elimu ikifanya kazi yake, na tena kwa haraka isiyo ya kawaida, kwa sababu makosa mengine hukaa miaka mingi kabla ya kurekebishwa. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba waandishi, katika tangazo lao la kuiondoa makala, walisisitiza kuwa maelezo yao ya fuvu lenyewe yalibaki sahihi. Kilichoyumba ni hoja kuhusu ukoo wa mnyama. Msomaji makini hutenganisha mambo hayo mawili, yaani kile kilichoonekana katika kisukuku, na kile kilichodhaniwa kutokana nacho.

Makala inaweza pia kuondolewa kwa sababu isiyohusu umbo la mifupa hata kidogo. Dinosaria aliyeitwa Ubirajara jubatus alielezwa mwaka 2020 kutokana na kielelezo cha Brazili kilichokuwa katika makumbusho ya Ujerumani, wakati sheria ya Brazili tangu mwaka 1942 inavihesabu visukuku kuwa mali ya taifa. Wanasayansi wa Brazili walipinga vikali, makala ikaondolewa, na mwaka 2023 kielelezo kikarudishwa kwao. Swali la kisukuku kilitokaje nchini mwake ni sehemu ya kazi ya kisayansi yenyewe, wala halipaswi kuachiwa wanasheria peke yao.

Dhana: Wataalamu hubadili kauli kwa sababu wanabahatisha

Hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote, kwani humfanya msomaji akate tamaa pale ambapo habari inaanza kunoga. Chukua dinosaria aitwaye Spinosaurus. Mtaalamu wa Ujerumani Ernst Stromer alimweleza mwaka 1915 kutokana na mifupa ya Misri, na mifupa hiyo ikateketea mwezi Aprili 1944 jiji la Munich liliposhambuliwa kwa mabomu. Kwa miongo mingi wataalamu walibaki na michoro na maandishi ya Stromer, pamoja na vipande vilivyookotwa hapa na pale. Mwaka 2014 Nizar Ibrahim na wenzake walieleza kiunzi kipya cha mifupa kutoka Moroko, chenye miguu mifupi ya nyuma na mifupa mizito, wakasema mnyama huyu aliishi kwa sehemu majini. Mwaka 2020 ukaelezwa mkia wake, mpana kama kafi. Mwaka 2022 zikatoka kazi mbili zilizopingana: moja, kwa kupima msongamano wa mifupa ya wanyama wengi, ilidai kuwa alipiga mbizi kuwinda, nyingine ilisema hakuwa mwogeleaji hodari, na kwamba alisimama kwenye maji ya kina kifupi akavizia samaki. Mwaka 2024 watafiti wengine wakazikosoa hesabu zilizotumika katika ile kazi ya kwanza.

Ukiangalia kwa haraka, utaona watu wasiojua wanachokitaka. Ukiangalia kwa utulivu, utaona kwamba mabadiliko karibu yote yalisababishwa na jambo linaloweza kutajwa, ama mfupa mpya, ama kipimo kipya, ama kosa la hesabu lililofichuliwa. Utaona pia kwamba mengi hayabishaniwi tena: pua ndefu yenye meno ya kukamatia samaki, tanga la mgongoni, mkia mpana na makazi ya karibu na mito. Ubishi umebaki kwenye swali moja jembamba, la jinsi alivyotumia maji. Anayebahatisha hawezi kuupunguza ubishi namna hiyo.

Nanotyrannus anafundisha jambo jingine. Fuvu lililopatikana Montana, Marekani, mwaka 1942 lilihesabiwa kwanza, mwaka 1946, kuwa la dinosaria mla nyama aitwaye Gorgosaurus. Mwaka 1988 likapewa jina lake lenyewe, Nanotyrannus. Kisha wataalamu wengi wakaamini kwamba ni Tyrannosaurus rex ambaye hajakomaa. Mwaka 2020 pete za ukuaji ndani ya mifupa ya miguu ya vielelezo viwili vinavyofanana naye zilionyesha wanyama waliokuwa bado wanakua, na wengi wakaona shauri limefungwa. Mwezi Oktoba 2025 Lindsay Zanno na James Napoli walichapisha uchunguzi wa kiunzi karibu kamili kutoka Montana, cha mnyama aliyekufa akiwa na umri wa takribani miaka 20 na aliyekwisha kukomaa, mwenye mikono mikubwa na uti wa mkia wenye pingili chache kuliko za T. rex. Mtoto hawezi kukua hadi mikono yake ikapungua na pingili zake zikaongezeka. Hata hivyo pete zile za mwaka 2020 hazikusema uongo. Wanyama wale walikuwa wachanga kweli. Kinachogombewa ni walikuwa wachanga wa spishi ipi. Sasa kila kazi iliyotumia vielelezo hivyo kueleza jinsi T. rex alivyokua inapaswa kupitiwa upya, na hapo ndipo mwenye kufuatilia anapaswa kuelekeza macho kwa miaka ijayo.

Dhana: Uzito na urefu vinavyotajwa vimepimwa

Havijapimwa. Hukadiriwa kutokana na mifupa iliyopo, ambayo mara nyingi ni michache. Perucetus colossus, nyangumi wa kale wa Peru aliyetangazwa mwezi Agosti 2023, alijulikana kwa pingili 13 za uti wa mgongo, mbavu 4 na sehemu ya nyonga, bila fuvu. Makala ilitoa makadirio ya tani 85 hadi 340. Tofauti hiyo ni kubwa mno, lakini vichwa vya habari vilikimbilia ukingo wa juu na kumtangaza kuwa huenda ndiye mnyama mzito kuliko wote waliowahi kuishi. Mwaka 2024 Ryosuke Motani na Nicholas Pyenson walizipitia hesabu hizo na kupata takribani tani 60 hadi 114, yaani chini ya nyangumi buluu wakubwa. Ukikutana na namba ya aina hii, tafuta kwanza wigo wa makadirio, kisha uulize ni mifupa mingapi iliyopatikana.

Dhana: Kaboni 14 ndiyo hupima umri wa dinosaria, na DNA yao i karibu kupatikana

Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo baada ya takribani miaka 50,000 kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Umri wa dinosaria hutokana na majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya tabaka lenye mifupa, hasa kwa kupima urani iliyogeuka madini ya risasi ndani ya punje za madini yaitwayo zirkoni. Na DNA kongwe kuliko zote iliyokwisha kusomwa, iliyotangazwa mwaka 2022 kutoka udongo wa Greenland, ina takribani miaka milioni 2, ilhali dinosaria wasio ndege walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Protini hudumu zaidi: mwaka 2025 zilisomwa kutoka jino la jamaa wa kifaru aliyeishi Arktiki ya Kanada zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita.

Dhana: Asiye mtaalamu hawezi kuzifikia makala zenyewe

Majarida kama PLOS ONE, PeerJ na Palaeontologia Electronica huchapisha makala ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo, na kanzidata ya visukuku iitwayo Paleobiology Database iko wazi vilevile. Huhitaji kuielewa kila istilahi. Soma muhtasari, kisha nenda moja kwa moja kwenye mchoro wa kiunzi, ambapo kwa desturi mifupa iliyopatikana hupakwa rangi tofauti na ile iliyokisiwa. Kwangu mchoro huo una thamani kuliko taarifa nzima kwa vyombo vya habari. Baada ya mwaka mmoja au miwili, tafuta tena jina la mnyama huyo uone nani amemjadili na kwa ushahidi gani. Unaweza kuanza na Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria mwenye shingo ndefu kutoka Tanzania aliyeelezwa katika PLOS ONE mwaka 2019: makala nzima iko wazi pamoja na picha za mifupa, ikiwemo ile pingili ya mkia yenye umbo la moyo ambayo ndiyo iliyompa nusu ya pili ya jina lake.