Kumbana shahidi siyo kumpigia kelele

Nimechoka kuulizwa, "Wakili, mbona hukumbana?" Naulizwa koridoni, naulizwa kwenye ngazi za mahakama hapa Moshi, naulizwa kwa simu usiku na shemeji wa mteja ambaye hata siku ya kesi hakuonekana. Muulizaji huwa ameshaangalia tamthilia zake: wakili anazunguka kizimba, ananyoosha kidole, anafoka, shahidi anaangua kilio na kukiri kila kitu. Sasa akija Baraza la Ardhi na Nyumba akanikuta namwamkia mzee wa miaka themanini, namuuliza maswali machache kwa sauti ya kawaida kisha nakaa, basi anajua kesi imeuzwa.

Haya, unamfokea nani? Hapa kwetu hakuna baraza la raia kumi na wawili wa kuamua kesi, kama la kwenye tamthilia, waliokaa pembeni wakisubiri kuduwazwa. Anayeamua ni jaji, hakimu, au mwenyekiti wa baraza akiwa na wazee wake. Na wakati wewe unafoka, yeye ameinama anaandika. Tena haandiki swali lako. Kwenye jinai sheria inaelekeza wazi kwamba ushahidi kwa kawaida uandikwe kwa masimulizi, siyo kwa swali na jibu, na kwenye madai mwendo ni huohuo. Kwa hiyo ukizunguka dakika mbili na kejeli zako, "Unataka mahakama hii tukufu iamini kwamba usiku ule, bila mbalamwezi, bila taa, wewe ulimwona mteja wangu?", naye akajibu "Ndiyo, nilimwona kwa sababu alipita karibu yangu na tuliongea", kinachoingia kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu ya maandishi ya shauri, ni hiki: "Nilimwona. Alipita karibu yangu. Tuliongea." Kejeli haimo. Umemsaidia kuujenga ushahidi wake upya, safari hii ukiwa na nguvu zaidi.

Halafu shauri likienda rufaa, majaji wanasoma karatasi hizo. Hawajui ulivyopandisha sauti, hawajui ukumbi ulivyocheka.

Ndiyo maana wanafunzi wanaokuja ofisini kwangu kwa mazoezi huwa nawaambia wasiandike maswali. Waandike majibu. Andika sentensi tatu au nne ambazo ungependa hakimu aziandike kutoka kinywani mwa shahidi wa upande wa pili, kisha tafuta swali fupi litakalozaa kila moja. Swali likiwa na "na" ndani yake, likate mawili.

Chukua mgogoro wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, maana huku mlimani ndio mkate wetu. Shahidi anadai alishuhudia baba wa mdai akikabidhiwa eneo, na masale ya mpaka yakipandwa mbele yake. Mzee mwenye heshima zake, sauti nzito, wazee wa baraza wanatikisa kichwa. Ukimwambia ni mwongo umekwisha. Utapewa jina la mtoto asiye na adabu na hutalifuta. Muulize hivi:

"Shikamoo mzee. Mwaka ule ulikuwa unafanya kazi wapi?"

"Marahaba mwanangu. Tanga, kwenye mkonge."

"Familia ilikuwa hukohuko?"

"Hukohuko."

"Nyumbani ulikuwa unarudi lini?"

"Kama Wachagga wote, Desemba."

"Na makabidhiano, umesema yalikuwa mwezi gani?"

"Wa sita. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha."

"Asante mzee."

Hapa ndipo mteja wangu anapovuta koti langu kwa nyuma. Anataka niulize, "Sasa uliyaonaje?" Kila mtu ukumbini anataka niulize. Na ukiuliza, mzee atakwambia: mwaka ule nilirudi mwezi wa sita, tulikuwa na msiba. Huenda ni kweli, huenda amelitunga papo hapo. Kwa vyovyote vile shimo umemfukia wewe mwenyewe. Mwezi wa sita na Tanga vikishaingia kwenye mwenendo vikiwa jirani, kazi ya kuviunganisha ni ya hoja za majumuisho, zile za mwisho baada ya ushahidi wote kufungwa, wakati mzee hayupo kizimbani kujibu.

Vitabu vinaishia hapo, kwamba usiulize swali moja la ziada. Lakini kuna kanuni nyingine inayovutana nayo, na hii sisi wenyewe hatujaimaliza. Mahakama ya Rufani, ikiketi hapo Arusha katika Rufaa ya Jinai Na. 67 ya 2010, ilirudia msimamo wake wa siku nyingi: usipomdodosa shahidi, yaani usipomhoji shahidi wa upande wa pili, juu ya jambo la msingi, unahesabika umelikubali, na huwezi kuja baadaye kuiomba mahakama isimwamini kwenye jambo hilo. Sasa mimi sikumwambia mzee usoni kwamba hakuwepo. Je, nimekubali kwamba alikuwepo?

Ninachofanya, na nakiri siyo wote wanaokubaliana nami, ni kumalizia na kauli iliyofungwa: "Mzee, mimi nakuambia siku ya makabidhiano hukuwepo pale." Atasema, "Nilikuwepo." Mwache akatae. Kukataa kwake hakuniumizi, ila kwenye kumbukumbu sasa iko wazi kwamba nilibisha. Hatari haijaisha hata hivyo, kwa sababu wakili wake anayo nafasi ya kumuuliza tena juu ya yale yaliyotokana na dodoso, na wakili mzuri atamuuliza hilohilo la msiba. Kuna siku kauli yangu ndiyo inayomwamsha, na angekuwa amesinzia mambo yangepita. Kwa hiyo swali la lini useme na lini unyamaze sina jibu lake kamili. Naangalia wakili aliyesimama upande wa pili kuliko ninavyoangalia kitabu.

Jambo la pili linaloniudhi ni ushabiki wa mkanganyiko. Mteja anakuja na orodha: shahidi wa kwanza kasema shati la bluu, wa pili kasema la kijani, mmoja saa nne, mwingine saa tano kasoro. "Wamejichanganya, kesi imekufa." Haijafa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi mno kwamba tofauti ndogondogo ni za kawaida kwa binadamu, na kinachoangusha ushahidi ni mkanganyiko unaogusa mzizi wa shauri. Tena ningependa mteja aogope kinyume chake. Mashahidi wanne wakisema wote "majira ya saa nne na nusu asubuhi" kwa maneno yaleyale, mimi nanusa sebule walimofundishwa. Kumwandaa shahidi ni kumwambia mahakama ikoje, atasimama wapi, asikilize swali mpaka mwisho, na akiwa hajui aseme hajui. Ukimpa maneno ya kusema umeshavuka, na atakapobanwa kidogo tu atayarudia kama kasuku.

Idadi nayo tuipite haraka: Sheria ya Ushahidi, kwenye kile tulichokizoea kama kifungu cha 143, haidai idadi yoyote maalumu ya mashahidi kuthibitisha jambo. Wajomba tisa waliosikia kwa marehemu hawamshindi jirani mmoja aliyeona. Waacheni wajomba wakapalilie migomba.

Vielelezo, yaani nyaraka na vitu vinavyotolewa kama ushahidi, pia kwa ufupi. Waraka hausomwi kabla haujapokelewa. Ukishapokelewa ndipo unasomwa kwa sauti, na kwenye jinai usiposomwa unaweza kufutwa kwenye kumbukumbu huko rufani. Mkataba wa mauziano ambao haujalipiwa ushuru wa stempu utapingwa. Mara nyingi utaruhusiwa kulipa pamoja na adhabu yake, lakini kwa nini ufikishwe hapo? Na picha ya meseji za WhatsApp uliyoichapa kwa jirani mwenye printa haitoshi. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama inataka kujua taarifa ilitengenezwa, ikahifadhiwa na kutunzwa vipi mpaka ikafika mbele yake. Njoo na simu yenyewe, na usiiuze kabla ya hukumu. Nimeona watu wakiuza.

Nije kwenye sura na macho ya shahidi, kwa sababu ndiyo silaha ya mwisho ya wale wanaopenda kelele: "Hakimu ataona anavyotetemeka." Ni kweli mahakama ya rufaa inamheshimu sana hakimu aliyemwona shahidi kwa macho yake. Mimi hili linanitia mashaka. Bibi kutoka Kibosho aliyeanza kuogopa polisi kabla sijazaliwa atainamisha uso mbele ya hakimu, atajikwaa kwenye maneno, atafuta jasho kwa kanga. Tapeli wa mjini atamtazama hakimu kwenye mboni. Bahati nzuri Mahakama ya Rufani yenyewe inakubali kwamba ukweli wa shahidi unapimwa pia kwa namna maelezo yake yanavyoshikana, na kwa kuyalinganisha na ushahidi mwingine. Hivyo viwili angalau vinasomeka kwenye karatasi.

Na kwa kesi za vihamba, siku baraza linapotembelea eneo, tafadhali njoo, tena uje na utulivu. Wengi hudhani ndiyo siku ya kuoneshana ubabe mbele ya majirani. Utaratibu ulielezwa na Mahakama ya Rufani tangu 1980: wahusika wawepo, na mashahidi watakaohitajika kuzungumzia eneo lile wawepo, yanayoonekana yaandikwe, na mkirudi ukumbini yasomwe mbele ya pande zote ili mwenye la kusahihisha asahihishe. Kule shambani watu wanabishana mpaka wanashikana mashati juu ya mfereji, halafu maandishi yanaposomwa wote wako nje wanakunywa chai. Ingieni ndani msikilize, na kama mstari wa masale wa upande wa mfereji haujaandikwa, simama useme siku hiyohiyo.