Land Cruiser ya zamani inaporusha: anza na msuguano wa springi

Magari mengi ninayoletewa gerejini hapa Arusha ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, na malalamiko ya wenyewe hayatofautiani sana: gari linarusha. Hivi karibuni dereva mmoja wa watalii, mtu mzima aliyeizoea njia ya changarawe kati ya Ngorongoro na lango la Naabi la kuingilia Serengeti, alishuka garini ameshika kiuno, akaniambia, "Fundi, injini haina neno, lakini hili gari litanimaliza mgongo." Alitaka nimfungie shokapu mpya, zile ngumu zaidi. Nilimwomba aniachie gari siku mbili kabla hajanunua chochote, na kwa kuwa kazi iliyofuata ndiyo ninayoifanya kwa karibu kila Land Cruiser ya umri huo, nitaieleza hapa.

Mfululizo wa 70 ulitoka mwaka 1984, na yale magari ya kazi yalikuwa na springi za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Mwaka 1999 ndipo yalipowekewa springi za koili mbele, huku za mabamba zikibaki nyuma. Gari la dereva huyu, modeli ya HZJ75, ni la kabla ya badiliko hilo. Springi zake za nyuma zilikusudiwa kubeba mzigo mzito, na ndiyo maana wengi huamini kwamba ugumu wake ni wa kuzaliwa nao na hauna dawa. Mimi sikubaliani nao. Kwa niliyoyaona, sehemu kubwa ya ugumu huo hutokana na msuguano: mabamba yaliyoshikana kwa kutu, shekeli (viungo vinavyoshikilia ncha ya springi kwenye chesisi) zisizocheza na bushi (mipira ya kwenye viungo hivyo) zilizokauka. Springi iliyoshikana haianzi kupinda mpaka ipigwe kwa nguvu inayoushinda msuguano wake, hivyo kila kiwimbi kidogo cha barabara hutoka kwenye tairi, kikapanda chesisi, kikaishia kwenye uti wa mgongo wa aliyeketi. Ukilifungia gari la namna hiyo shokapu ngumu, unaongeza kizuizi juu ya kizuizi.

Nilianza kwa futi ya kawaida tu, nikapima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu, kisha nikawaomba watu sita waketi siti za nyuma. Gari lilishuka sentimita 1. Kwa uzito ule nilitarajia karibu sentimita 3, nikajua kwamba springi hazifanyi kazi yake.

Tulipozifungua tulikuta gereji moja ya awali imeongeza mabamba mawili kila upande ili kuinua nyuma iliyokuwa imelala. Jambo hili hunisikitisha kila ninapolikuta, kwa sababu springi iliyolala inahitaji kukunjwa upya au kubadilishwa, na bamba la kuongeza huinua gari kwa kuifanya springi isipinde. Baada ya kutenganisha mabamba, tatizo lilionekana wazi mezani. Ncha ya kila bamba ilikuwa imechimba mfereji kwenye bamba lililo juu yake, mfereji ambao ukipitisha kidole ukucha unanasa, na kati ya bamba na bamba palikuwa na kutu inayobanduka kama magamba. Springi ikitaka kunyooka, mabamba hayana budi kuteleza moja juu ya jingine, na hapa kila ncha ilikuwa inagota kwenye ukuta wa mfereji wake.

Tuliyaondoa mabamba ya ziada, tukasugua yaliyobaki kwa brashi ya waya, tukasaga mifereji na kingo kali za ncha, kisha tukachunguza kwa makini eneo linalozunguka tundu la bolti ya katikati, kwa kuwa nyufa hupenda kuanzia hapo. Bamba lenye ufa halichomelewi, linatupwa. Kwenye ncha niliweka vipande vya nailoni vya kupunguza msuguano. Sipaki grisi ya kawaida kati ya mabamba, kwa sababu vumbi la njia zetu likichanganyika nayo hugeuka msasa.

Bushi zote zilibadilishwa, na hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: nati za shekeli na za pini zinatakiwa kukazwa kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, nao huzikaza likiwa juu. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia kwenye jeki, gari likishushwa mpira unajisokota, unabaki unasukumana na springi wakati wote, na haukai muda mrefu kabla ya kukatika.

Shokapu zilifuata baadaye, nazo ni muhimu. Msuguano wa mabamba, pamoja na ubaya wake, huwa unasaidia kutuliza mdundo, kwa hiyo ukiuondoa, kazi hiyo yote inahamia kwenye shokapu. Tulifungua za zamani, tukazisukuma na kuzivuta kwa mkono, na moja ilikuwa na sehemu tupu isiyo na ukinzani wowote. Barabarani pia unaweza kuitambua shokapu iliyokufa: baada ya mwendo mrefu wa changarawe, sogeza mkono karibu na kila moja kwa uangalifu, kwa sababu shokapu nzima hugeuza mtikisiko kuwa joto. Ile iliyo ya baridi kuliko wenzake haifanyi kazi. Nilichagua za ugumu wa kawaida.

Tairi zake, za saizi ya 7.50R16, zilikuwa na upepo wa paundi 50 kote. Kwa gari lisilo na mzigo mkubwa, changarawe naipita na paundi 32 mbele na 38 nyuma, mwendo ukipunguzwa ipasavyo. Sponji za siti za nyuma zilikuwa zimekufa, tukaziweka mpya, maana abiria wa pale hukaa juu ya ekseli na hurushwa kuliko mtu mwingine yeyote garini.

Tulipopima tena kwa watu walewale sita, nyuma ilishuka sentimita 3. Baada ya kilomita 500 dereva alirudi, kama nilivyomwagiza, nikakaza upya yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, na mbili kati ya nane zilikubali karibu robo mzunguko.