Tai wa Urusi: achana na vichwa, tazama kifua

Nikitaja kwamba kazi yangu ni kusoma nembo na mihuri, swali la Urusi halikosi: kwa nini tai ana vichwa viwili? Wengi wameshajijibu kwamba kimoja kinatazama Ulaya, kingine Asia. Maelezo matamu, ila yalizuka tai akiwa ameshazeeka. Mimi huanza na kifua, taji na kucha, maana huko ndiko kila mtawala alikotia mkono wake.

Muhuri tunaouanzia ni wa Ivan III, mtawala wa Moscow, mwaka 1497: nta nyekundu kwenye hati ya kubadilishana ardhi na watoto wa ndugu yake. Upande mmoja, mpanda farasi anamchoma joka shingoni. Upande wa pili, tai mwenye vichwa viwili, kila kimoja na taji lake, mabawa yameelekea chini. Kuchani hana kitu.

Husemwa kwamba tai huyo aliletwa na Sophia Palaiologina, mpwa wa kaisari wa mwisho wa Bizanti. Lakini ndoa ilifungwa 1472. Miaka 25 ya kungoja zawadi ya bibi harusi? Kwangu mimi, hoja nzito zaidi ni ya wanaoangalia ukoo wa Habsburg, watawala wa Dola Takatifu la Kirumi: Moscow ilikuwa imeanza kupokezana nao wajumbe, wao wakitumia tai wa aina hiyohiyo, na Ivan hakutaka kuonekana mdogo.

Ivan IV ndiye aliyempandisha mpanda farasi kifuani mwa tai. Mwaka 1667 Tsar Aleksei akatoa amri iliyofafanua nembo: mataji matatu ni falme za Kazan, Astrakhan na Siberia, zote zilizotwaliwa, kuchani fimbo ya enzi na tufe la kifalme. Sheria ya sasa, ya Desemba 2000, inayataja mataji hayohayo bila kusema yana maana gani. Ukimya huo una akili: nani leo angependa kuandika orodha ya waliotekwa?

Mpanda farasi naye ana mambo yake. Katika karne ya 17 watu wa Moscow walisema ni tsar mwenyewe; kuanzia enzi za Peter I akawa Mtakatifu George. Mwaka 1857 mtaalamu Bernhard Köhne alimgeuza aelekee kushoto kwa mtazamaji, kama kanuni za Ulaya Magharibi zinavyotaka. Hata leo nembo ya taifa inamwonyesha hivyo, na sheria inamwita mpanda farasi tu. Kwenye nembo ya jiji la Moscow anaelekea kulia, na maelezo yake rasmi yanamtaja kwa jina la mtakatifu.

Paul I aliongeza msalaba wa Malta, mwanawe akauondoa 1801. Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka mwishoni mwa 1917, waliweka nyundo na mundu, na mwaka 1935 wakawashusha tai kutoka minara ya Kremlin, wakapandisha nyota.

Tai anayenivutia kuliko wote ni wa 1917. Serikali ya Muda, iliyoshika madaraka baada ya tsar kuanguka na kabla ya Wabolsheviki, ilitaka nembo isiyo na ufalme, na msanii Ivan Bilibin akamchora bila mataji, bila fimbo, bila tufe, mabawa chini kama ya 1497. Rais Yeltsin alirudisha mataji mwaka 1993, tai wa dhahabu kwenye ngao nyekundu, lakini sarafu za Benki Kuu ziliendelea kubeba tai wa Bilibin hadi zile za 2015. Ukiwa na sarafu ya ruble moja ya mwaka huo na nyingine ya 2016, ziweke pamoja uhesabu mataji.