Kabla Hujaleta Msaada wa Baridi kwenye Kituo cha Wanyama

Kila ifikapo Juni, baridi na manyunyu yakishashika Nairobi, Limuru na Nyandarua, kituo chetu hupokea vitu viwili kwa wingi: misaada, na malalamiko kwamba tumeikataa misaada. Mwaka huu malalamiko yamezidi, ndiyo maana mimi, daktari wa mifugo wa kituo, nimepewa kazi ya kueleza. Najua mnaoleta mnaleta kwa moyo safi.

Tuanze na unga. Tukimrudisha mtu na gunia la mahindi yaliyoota ukungu, jibu huwa lile lile: "Lakini ni ya mbwa tu, daktari." Ukungu huo ndio hutoa sumukuvu, aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kupika ugali saa nzima. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika Makueni, Kitui na maeneo jirani. Ini la mbwa haliiwezi pia. Atakataa chakula, macho yatageuka manjano, na mara nyingi anapofika mezani kwangu huwa tumechelewa. Kwa hiyo kipimo ni kimoja: unga usioweza kumpikia mwanao, usituletee. Unga safi, mchele na omena iliyopepetwa mchanga tunapokea siku yoyote. Mabaki ya karamu yaliyoungwa vitunguu hapana. Kitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka.

Mablanketi nayo yana kesi yake. Kama nyumbani kwako alikufa mtoto wa mbwa kwa kuharisha damu, blanketi lake lisivuke lango letu. Virusi vya parvo hukaa kwenye kitambaa na udongo kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Tunasafisha kwa dawa ya klorini, ambayo ni ghali, na kwa kweli ningefurahi zaidi kuona mitungi ya klorini kuliko mlima mwingine wa mablanketi. Isitoshe, kinachowatesa wanyama wetu ni sakafu ya saruji. Inanyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi likilowa juu yake linakuwa adhabu. Tunachotafuta ni paleti za mbao za kuwainua kutoka chini, magunia makavu, magazeti ya zamani, na nyasi kavu za ngano.

Jiko la makaa hatutaki, hata likiwa jipya. Kwenye chumba kilichofungwa hewa yake inaua mbwa na mlinzi pamoja. Watoto wa mbwa wasio na mama wanahitaji joto la nyuzi 29 hadi 32 katika wiki ya kwanza, nasi tunalipata kwa chupa za maji moto zilizoviringishwa kwa kitambaa.

Na tafadhali, Panadol. Paka akipiga chafya Julai, usimpe. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Nimeshalisema hili kwenye kila mkutano wa mtaa na bado wanaletwa wakiwa na ufizi uliogeuka rangi ya udongo.

Sasa suala la maboksi langoni. Asubuhi za Julai tunakuta watoto wa mbwa wameachwa usiku, wengine wameshakufa kwa baridi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama katika hali ya kumtesa kuwa kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo kwa maoni yangu, ila si kazi yangu kuitunga. Utaratibu ni huu: njoo mchana na kitambulisho, jaza fomu ya kumkabidhi mnyama, leta cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kama kipo, na useme ukweli kama ameuma mtu. Akiwa ameuma, atatengwa siku 10 chini ya uangalizi, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ukificha, anayehatarishwa ni mfanyakazi wetu anayemlisha. Hatumuulizi mtu kwa nini ameshindwa kumlea mbwa.

Wanaotuma pesa kwa simu, hakikisheni jina linalojitokeza kabla ya malipo kukamilika ni la kituo. Hatuna ajenti wa mtaani, na hakuna daktari wetu anayepokea michango kwa namba yake binafsi.

Mwenye paleti au nyasi atumie lango la nyuma, kabla ya saa kumi alasiri. Asipige honi, wagonjwa wako upande huo.