Unene wa Godoro Si Joto, Hasa Ukiwa Bembeani

"Nimenunua godoro la upepo nene kuliko yote, sentimita 10, nimelijaza mpaka likawa gumu kama ubao, na bado nimetetemeka usiku kucha kwenye kitanda cha bembea. Shida ni nini?" Swali hili limenijia mara nyingi kiasi kwamba naweza kulijibu nikiwa usingizini. Shida ni mbili: hizo sentimita 10, na huo ubao.

Joto kwanza, na nitapita haraka maana hapa hakuna ubishi. Mfuko wa kulalia unatia joto kwa hewa iliyotulia ndani ya nyuzi au manyoya yake. Ukiulalia, upande wa chini unabanwa, hewa inatoka, unabaki na vitambaa viwili vitupu. Ardhi angalau imetulia. Bembeani upepo unapita chini ya mgongo na kukwapua joto bila kukoma. Ndiyo maana makalio na mabega yanaganda hata usiku usio wa baridi kali. Godoro lipo kwa ajili hiyo tu. Ulaini unao tayari: kitambaa kilichoning'inia hakina jiwe wala mzizi. Anayenunua unene kwa ajili ya bembea analipia kitu alichokwisha kupewa bure.

Na unene wenyewe haubebi joto. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Godoro lisilo na kitu ndani ila hewa, hata likiwa la sentimita 10, namba yake ya R, yaani kipimo cha jinsi godoro linavyozuia joto lisipite, huzunguka 1 tu. Kila ukijigeuza, hewa inasukumwa huku na huku, ya joto inachanganyika na ya baridi, na joto jingine linanururika moja kwa moja kutoka kitambaa cha juu hadi cha chini. Kinachozuia hayo ni vilivyomo ndani: nyuzi, manyoya ya bata, sponji, au karatasi nyembamba zinazorudisha mnururisho na kuigawa hewa vyumba vidogo. Godoro la sentimita 6 lenye vitu hivyo linaweza kufika R 4 na kuliacha mbali lile jitu la sentimita 10.

Kuhusu R: soma lebo inayotaja ASTM F3340, kipimo cha pamoja cha R cha magodoro ya kambi, kilichotoka 2018. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alijipimia alivyopenda, kwa hiyo namba za magodoro ya zamani usizilinganishe na za sasa. Lakini kipimo hicho hufanywa godoro likiwa limelala tambarare kati ya bamba la moto na bamba la baridi. Hakuna upepo, hakuna mkunjo, hakuna nyonga inayolididimiza sehemu moja. Bembeani vyote vitatu vipo. Namba hiyo inakuambia godoro lipi linazidi lipi. Haikuahidi utalala salama kwenye nyuzijoto ngapi, na yeyote mwenye jedwali la kubadilisha R kuwa nyuzijoto za bembeani amelikisia. Makisio yangu mimi: R 2 kwa usiku usioshuka chini ya nyuzijoto 15, R 4 ukikaribia 5, na chini ya sifuri R 5 au zaidi. Namba hujumlishwa, kwa hiyo mkeka wa sponji wa R 2 chini ya godoro la R 3 unakupa 5. Kama wewe ni mtu wa kusikia baridi, ongeza 1 na usione aibu.

Sasa umbo, ambalo watu hulisahau kabisa kwa sababu macho yote yako kwenye unene. Godoro la kawaida lina sentimita 183 kwa 51. Chini, 51 zinatosha wengi. Bembeani kitambaa kinapanda pande zote mbili na kukukumbatia mabega, na bega linalogusa kitambaa kitupu ndilo litakalokuamsha saa tisa usiku. Tafuta upana wa sentimita 63 au 64. Chagua la mstatili, si lile linalosinyaa miguuni kama jeneza: bembeani tunalala mshazari ili mgongo unyooke, kwa hiyo miguu haikai pale ambapo mchoraji wa godoro alidhani itakaa. Godoro fupi la sentimita 120 linafaa pia, ukiweka koti au kipande cha sponji chini ya miguu.

Halafu kuna mirija, yaani vyumba virefu vya hewa vinavyoligawa godoro, na hapa wauzaji wenyewe wanachanganya mambo. Mirija inayokwenda urefu, kutoka kichwani hadi miguuni, inajikunja vizuri kwa upana, kwa hiyo mabega yanafunikwa; ila kwa urefu ni migumu kama fito, na pale nyonga zinapozama godoro huvunjika mkunjo mmoja mkali badala ya kupinda taratibu. Mirija inayokatiza kwa upana ni kinyume chake: inafuata mpindo wa mwili vizuri sana, lakini kingo zake hazitaki kupanda na mabega, zinakaa kama ubawa wa ndege na kukusukuma katikati. Magodoro ya vyumba vidogo vidogo vilivyounganishwa kwa nukta yanapinda pande zote, na ndiyo ninayoyapendekeza kwanza. Kasoro yake ni kwamba kwenye kila nukta godoro ni jembamba, na baridi inapita hapo. Kama ni lazima uchague kati ya mirija miwili ile, mimi nachukua ya urefu kwa bembea ya kawaida iliyokusanywa ncha mbili, na ya upana kwa bembea yenye vijiti vya kutanua, ambayo tayari ni tambarare kwa upana. Wapo wanaolala bembeani vizuri kuliko mimi, na wanasema kinyume. Umbo la mwili lina sauti kubwa hapa kuliko kanuni.

Huo ubao, sasa. Godoro lililojazwa kabisa halitaki kupinda, kwa hiyo linakaa juu ya bembea kama daraja: katikati linabana, kingo zinaelea, na wewe unateleza kama samaki juu ya mtumbwi. Funga bembea kwanza, kamba zikiwa na mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Ikivutwa ikanyooka sana, kuta zinabana na hakuna godoro litakalokaa sawa. Jaza godoro theluthi mbili tu. Liweke mshazari, valvu ikiwa upande wa kichwa na mahali mkono unafika. Kwenye bembea ya tabaka mbili godoro huingia katikati ya matabaka, na valvu iliyofichika huko ni adha tupu. Lala, kisha fungua valvu kidogo kidogo mpaka nyonga zizame na kingo zipande kukufuata. Didimiza nyonga kwa makusudi: ukihisi kitambaa cha bembea moja kwa moja, umepitiliza, rudisha hewa kidogo. Ndiyo maana valvu yenye kitufe cha kutoa hewa polepole ina thamani kuliko kitambaa kinene. Ile ya kuchomoa kizibo inatoa yote kwa mkupuo, unaanza upya gizani.

Usikalie ukingo wa bembea wakati wa kuingia godoro likiwa limejaa. Uzito wote unaangukia eneo dogo, shinikizo linapanda ghafla, na kinachoachia kwanza ni maungio ya ndani kati ya mirija. Mirija miwili inakuwa mmoja, godoro linaota kitambi, na kitambi hicho hakizibiki nyumbani. Jua linafanya kazi ileile taratibu: godoro lililojaa likiachwa juani, hewa inatanuka na gundi inalainika.

Watu huniuliza kitambaa ni 20D au 40D (kipimo cha unene wa uzi wake) kana kwamba kuna miiba hewani. Bembeani pancha huletwa na funguo, zipu na vifungo vya mkanda. Vua mkanda, basi.

Kinacholegea usiku pia si lazima kiwe pancha. Hewa iliyojazwa kwenye nyuzijoto 30 ikishuka hadi 10 inapungua karibu asilimia 7, na pumzi ya mdomoni ina joto zaidi ya hapo, juu ya kubeba unyevu unaoozesha manyoya na kuleta ukungu. Tumia mfuko wa kujazia hewa badala ya mdomo. Kabla ya kulishutumu godoro, lijaze ndani ya nyumba, lisubiri lipoe, ongeza hewa, liwekee uzito na uliache saa 24 chumba kikiwa na joto lilelile. Likilegea, paka povu la sabuni kwenye valvu kwanza. Mara nyingi utakuta chembe ya mchanga kwenye pete ya mpira, ifute, umemaliza.

Kuteleza ndiko huwasukuma watu kupaka vitone vya silikoni upande wa chini wa godoro. Inafanya kazi, sikatai. Ila gundi ya viraka haishiki juu ya silikoni, na tundu likitokea hapo utabandika mpaka asubuhi. Acha nafasi pana kati ya vitone, na usipake karibu na kingo wala valvu.

Kiraka chenyewe: zungushia tundu kalamu mara tu povu linapoonyesha mapovu, kwa sababu likikauka hutaliona tena. Toa hewa yote, safisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Paka gundi ipite tundu sentimita moja kila upande, bandika, weka kitu kizito juu, na usilijaze mpaka kesho yake. Wenye haraka hulijaza baada ya saa moja. Hewa inapenya chini ya gundi mbichi, inachimba njia nyembamba hadi ukingoni mwa kiraka, na sasa una pancha yenye mlango wake.