Kipaji umepewa na Mungu sawa, ila mazoezi nani akufanyie?

Nafundisha kwaya hapa Dodoma na kuna sentensi moja nikiisikia tu kichwa kinaanza kugonga: "mwalimu mi sihitaji mazoezi, hiki ni kipaji." Juzi nimeambiwa tena, na kaka mmoja wa besi ambaye tunamwona Jumapili asubuhi tu, wimbo haujui, anasimama katikati anaimba anavyojisikia, na wale wa pembeni wanamfuata yeye maana ana sauti kubwa!

Haya tufungue hiyo hiyo Biblia. 1 Nyakati 25 Daudi anapanga waimbaji, mstari wa 7 wanahesabiwa 288 na inasema kabisa ni watu waliofundishwa kumwimbia Bwana, waliofundishwa jamani, halafu mstari wa 8 unataja mwalimu na mwanafunzi. Bezaleli, yule fundi wa hema la kukutania, kwenye Kutoka 31 alijazwa Roho hakuna ubishi, ila ukienda 35:34 utakuta kapewa na moyo wa kufundisha, sasa angemfundisha nani kama kila mtu anashushiwa tu usiku akiwa amelala?

Na mwili wenyewe haukubali. Sauti inatengenezwa na nyuzi mbili ndogo kooni, dada wa soprano akishika ile nota ya "la" ya hezi 440 maana yake hizo nyuzi zinatikisika mara 440 kwa sekunde moja, sasa wewe hujapasha, hujanywa maji, ibada ya asubuhi unaingia moja kwa moja na pambio la juu, halafu jioni sauti imekata unasema umerogwa. Pumzi nayo ni misuli, inajengwa. Hata mzee wetu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa hapa hapa, na ilimba yake (ile ala ya kupiga kwa vidole gumba) iliyofika mbali, alikuwa mwalimu Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na chuo ni watu kukaa chini wafundishwe. Mi nasema dakika kumi kila siku, pumua taratibu, imba "mmm" mdomo umefunga, inatosha kuliko kupiga kelele masaa matatu Jumamosi.

Mengine haraka haraka. Mayai mabichi hayafungui sauti, unachomeza kinapita njia ya chakula, siku kikienda upande wa nyuzi ndo unapaliwa, kunywa maji tangu jana yake hasa kiangazi na hili vumbi letu. Sauti ikikauka usinong'one, wengine wakinong'ona ndo wanazikaza nyuzi zaidi, nyamaza tu, na ikipita wiki tatu haijarudi nenda kwa daktari wa koo usiniletee mimi. Na wanaosema "sina sikio la muziki", wasioweza kabisa kutofautisha nota wapo ila ni wachache mno, nyie wengine hamjafundishwa tu, njooni.

Halafu nani kawaambia kipaji ni kuimba? Mahesabu ya kwaya yanataka mtu, watoto wa Sunday school wanataka mtu, viziwi wanakaa ibada nzima hakuna wa kuwatafsiria kwa lugha ya alama. Kwetu spika inanguruma tangu Pasaka na fundi umeme kakaa benchi la nyuma ananiambia yeye hana kipaji. Kaka yangu, Jumamosi saa kumi njoo na tesita, na zile waya za kwenye miksa uzikague zote.